Moto Ulionukia Nta

Mimi ni mjuaji, na nalisema mapema ili asije mtu akadhani nimesingiziwa. Nikiwa shule ya msingi nilimsahihisha mwalimu wa zamu mbele ya mstari mzima. Nikachapwa, na hata wakati nachapwa nilikuwa namweleza kwa nini amekosea. Mama alikuwa akisema mdomo wangu utanifikisha mahali. Ulinifikisha milimani, juu kabisa ya Kibakwe, kwenye msitu wa watu.

Tulikuwa watatu. Mmoja ni rafiki yangu wa kike, kazi yake kuchapa yale yanayosemwa bungeni, neno kwa neno, na yale ya kipuuzi nayo. Alihamia Dodoma na serikali kutokea Dar, na mpaka leo akifagia nyumba analilaani vumbi letu kama vile tumemletea makusudi. Wa pili ni mfanyabiashara wa nafaka pale Majengo. Huyo nimesoma naye tangu darasa la kwanza. Wazee wake walifika mjini na misafara ya biashara ya enzi zile, wakaoa, wakazika, wakabaki. Yeye ndiye aliyeanza mambo ya pikipiki, kwa sababu ya kuzunguka vijijini kutazama mtama na alizeti kabla wengine hawajafika. Sisi wawili tukaona raha, tukanunua zetu, zile ndefu zenye tairi za meno. Majirani zangu wa Nzuguni walisema walivyotaka kusema. Mume wangu yeye hapandi. Anasema ana mgongo mmoja tu na anautaka uzeeni.

Kila tukipata nafasi tulikuwa tunatoka na hema zetu. Tulishalala Mtera tukala samaki mpaka tukachoka, tukaenda na Kondoa. Safari hii tukasema twende msituni, tupande ile milima ya upande wa Mpwapwa. Nani aongoze? Nikasema mimi. Mcheza kwao hutunzwa, bwana. Mimi ndiye Mgogo hapa, nyie wageni fuateni nyuma mle vumbi langu.

Sasa tuelewane. Ugogo wangu ni wa mjini. Nimezaliwa Dodoma hospitalini, nimesoma Dodoma, na Kigogo changu ni salamu, majina ya mboga na matusi mawili niliyofundishwa na binamu. Lakini babu yangu mzaa mama alikuwa mfuga nyuki kijijini, na likizo zote za utotoni nilikuwa kwake mpaka alipofariki. Basi huyo babu nimemtumia mjini kama kitambulisho. Mtu akitaja asali, mimi babu yangu. Mtu akitaja mti, mimi babu yangu. Yule wa Majengo alishazoea, nikianza tu kuvuta pumzi ananimalizia yeye: "Babu yako mfuga nyuki, tunajua."

Tuliondoka asubuhi, tukapita Mbande na Kongwa, Mpwapwa tukanywa chai na chapati, halafu Kibakwe. Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda na kujikunja. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mvua hazijagusa bado. Mawe yalikuwa yanateleza chini ya tairi kama gunzi, na makorongo ya mvua za mwaka uliopita yamekata njia. Mchapaji wetu alianguka mara moja, taratibu, ubavu ubavu, akabaki amelala chini na mguu juu anapiga kelele, "Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo!" Tulicheka mpaka tukashindwa kumwinua.

Kabla msitu haujaanza kuna kijiji, nyumba chache za matofali zimejipanga kwenye mgongo wa mlima. Yule wa Majengo akapiga honi nikasimama. Akasema tupite kwa mwenyekiti wa kitongoji, tuseme tupo, tuulize pa kulala. Yeye huo ndio utaratibu wake, haingii kijiji cha mtu bila hodi, na ndiyo maana wanamuuzia.

"Mwenyeji haombi njia," nikamjibu. "Tutachelewa."

"Wewe mwenyeji wa huku tangu lini?"

"Tangu babu."

Akatikisa kichwa, akawasha pikipiki yake. Neno hilo moja tu, hodi, lingetuokoa wote, na mimi ndiye niliyelimeza kwa niaba ya watu watatu.

Tulipata uwanja mzuri kando ya njia, ndani ya msitu, miti mirefu, majani makavu chini na baridi inaanza kushuka. Jua lilikuwa limeshapita nyuma ya mlima. Tukasimamisha hema. Wakati nazunguka kutafuta kuni nikayaona magogo manne chini ya mti mkubwa. Yalikuwa makavu, mepesi, yamelazwa sambamba juu ya mawe. Kando yake kulikuwa na vipande vya mbao vya duara, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama sahani.

"Mbona yamepangwa hivi?" akauliza wa Majengo.

"Wachoma mkaa," nikasema. "Wanakata miti ya watu kwa wizi. Tuyachome, tuisaidie serikali."

"Na mbona yana uwazi ndani?"

"Mchwa. Mchwa wa huku ndivyo wanavyokula, kuanzia moyoni."

Jamani! Gogo lililoanguka halijipangi juu ya mawe. Na mchwa gani anayekula mti akaacha ukuta laini namna ile, kama chungu? Lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo, na mimi mdomo wangu ukishafunguka huwa unajitegemea. Tukayapasua kwa panga. Yalipasuka kirahisi kabisa. Moto ukawaka vizuri hata mafuta ya taa hatukuhitaji.

Tukachoma nyama ya mbuzi tuliyonunua Mpwapwa. Kimoja kati ya vile vipande vya duara nikakipangusa kwa kanga, nikakatia kachumbari juu yake, vitunguu, nyanya, pilipili. Kilikuwa na mikwaruzo upande mmoja, mistari mitatu na mmoja umepita juu yake. Niliiona. Nilipitisha kisu juu yake na sikujiuliza kitu.

Halafu moto ukaanza kunukia.

Ilikuwa harufu tamu, nzito, ya kupanda kichwani. Mchapaji akasema inanukia kama mishumaa ya kanisani kwao. Wa Majengo akasema hapana, inakaribia udi, ila udi wa bei rahisi. Wakanigeukia mimi, mtoto wa nyumbani. Mchapaji akatoa simu akaanza kunirekodi, mwanga wa moto usoni, kachumbari mkononi. Nikakaa sawa, nikakohoa kidogo kama mtaalamu kwenye redio, nikasema, "Hii ni miti ya asili ya Ugogoni. Mbao zake zina harufu hii. Babu yangu alinifundisha, huu mti hata ukiwa mkavu miaka mingi ukiuchoma unanukia." Niliyasema hayo, na video ipo.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye hema. Tulikuwa tunachemsha chai nikasikia mtu anakohoa huko njiani, kikohozi kile cha kukusudia, halafu sauti: "Hodi wenyewe! Hodi hapa!"

Hodi porini, kwenye hema tatu zisizo na mlango! Tukaitikia karibu. Akatokea mzee mmoja mrefu, koti la suti juu ya fulana ya kampeni iliyochakaa, goti moja linamsumbua. Mkononi ana chupa ya plastiki iliyofungwa kwa gunzi.

"Mbukwenyi!" akatusalimia.

Nikamjibu kwa Kigogo kile kile, kwa sauti kubwa, nikiwatazama wenzangu waone. Wao wakampa shikamoo, akaipokea. Akasema jana alisikia mashine zinapanda, akajua kuna wageni wamelala kwenye baridi, ila giza na goti lake havipatani. Kwa hiyo amekuja asubuhi na asali kidogo, wageni wapate kitu cha kuweka kwenye chai.

"Baridi haikuwasumbua?"

"Wala, mzee wetu," nikasema. "Tuliota moto mzuri sana."

Akageuka kuutazama huo moto.

Palikuwa na majivu mengi na nusu gogo lililobaki, limeungua upande mmoja, na ule uwazi wake umeelekea kwetu. Akaenda polepole na goti lake, akachuchumaa kwa shida. Akaligusa lile gogo kwa vidole. Halafu akaona kile kipande cha duara, na maganda ya vitunguu juu yake. Akayapangusa kwa kiganja, taratibu, mpaka ile mistari ikatokea, mitatu na mmoja umepita juu. Akakipakata magotini.

Ndipo nilipokumbuka. Si kwamba niliambiwa. Nilikumbuka mwenyewe, pale pale, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nyumbani kwa babu, nyuma ya zizi, vipande kama vile vimeegemezwa ukutani, na kila kimoja kimechongwa alama. Babu ananiambia mzinga wa mtu haugusiki, alama yake ndiyo mlango wake. Vile havikuwa sahani na yale hayakuwa magogo. Ilikuwa mizinga ya nyuki na vifuniko vyake, na ile harufu niliyoitolea mhadhara ilikuwa nta.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na pikipiki yangu na babu yangu wa kujisifia.

"Mzee," nikasema, "hii ilikuwa... ya nani?" Swali gani hilo? Mtu amekipakata kifuniko kama mtoto, na mimi namuuliza ya nani.

"Yangu," akasema.

"Astaghfirullah," akasema wa Majengo. Mchapaji akafunika mdomo, akaanza kulia kimya kimya.

"Tutalipa, mzee," nikasema. "Yote, tutalipa."

"Mtalipa nini, mwanangu?"

Hakuwa ananikejeli, alikuwa anauliza kweli. Akatueleza, macho yake kwenye kifuniko. Ile mizinga aliichonga baba yake. Siku hizi msitu ni hifadhi, mti haukatwi, na mti wa kuchonga mzinga lazima uwe mkubwa. Kwa hiyo aliyonayo ndiyo aliyonayo. Hii minne ilikuwa imelegea huko mitini, akaishusha, akaisafisha, akaipaka nta upya, akaiacha ikauke kwenye mawe. Wiki ile alikuwa aipandishe, kwa sababu mvua ikishagusa na miti ikatoa maua, nyuki wanatafuta nyumba. Iliyobaki mitini ni miwili tu, na mmoja una ufa. Asali ndiyo inayomlisha, shamba alishaliacha kwa ajili ya goti.

Wa Majengo alikuwa ameshatoa pochi. Mzee akamwambia airudishe mfukoni isije ikaanguka kwenye majani. Halafu akasimama, akatembea hatua chache akatupa mgongo, akasimama huko anatazama msitu. Alipogeuka alikuwa amekasirika kweli.

"Nyie watu wa mjini," akasema, "mna macho ya kuangalia simu tu! Hata nyumba hamwioni? Mmepita kijijini jana. Si mngeuliza? Hata mtoto mdogo angewaambia!"

Wenzangu wakaniangalia. Yule wa Majengo, aliyekuwa na haki zote za kunisuta, aliinamisha kichwa akawa anachora ardhi kwa kijiti.

"Ni mimi, mzee," nikasema. "Hawa walitaka kuuliza. Mimi ndiye niliyewakataza."

"Wewe si umenijibu Kigogo?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwenu wapi?"

Nikamtajia kijiji cha babu. Akakijua. Nikamwambia babu alikuwa mfuga nyuki. Sijui kwa nini nilimwambia, labda mazoea. Alinitazama muda mrefu, na hasira ikamtoka usoni, kikabaki kitu kingine ambacho nilikichukia kuliko hasira. Alikuwa ananihurumia.

Akaifungua ile chupa. "Kunyweni chai yenu," akasema. "Asali ikishatoka nyumbani kwa ajili ya mgeni hairudi."

Tukanywa. Mbele ya yale majivu, mwenye mizinga amekaa kwenye jiwe anatuangalia kama tunakunywa vizuri, akimwongezea mchapaji maana machozi yalimfanya aonekane dhaifu. Ilikuwa asali nyeusi, kali kidogo, nzuri kuliko zote nilizowahi kuonja. Kabla hajaondoka aliomba namba yangu ya simu, nikampa. Akauliza kama anaweza kukaa kwenye pikipiki kidogo. Akakaa, akashika usukani, akasema viti vyetu ni vigumu.

Njia ya kurudi sikuongoza. Nilikaa nyuma nikala vumbi la watu. Tulipofika Mpwapwa mtandao ukarudi, simu ya mchapaji ikaanza kulia mfululizo. Ile video alikuwa ameituma usiku ule kwenye kundi letu la marafiki, ikawa imekwama, sasa ndiyo inaondoka. "Nifute?" akaniuliza, uso umemshuka. Akaifuta, lakini watu walikuwa wameshaiona. "Mgogo halisi!" wakaandika. "Mtaalamu wa miti!" Ofisini wapo wanaoniita hivyo mpaka leo, kwa upendo kabisa, na mimi naitika.

Haikupita muda nikatafuta mizinga ya kisasa, yale masanduku ya mbao, miwili. Tukaifunga kwenye pikipiki tukapanda nayo, na safari hii tulipiga hodi kila nyumba mpaka mbwa wakatuchoka. Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole kwenye mbao, akasema fundi amepiga randa vizuri. Nikashusha pumzi. Nitasema ukweli, nilirudi Dodoma najisikia mwepesi, nikamwambia mume wangu yameisha. Nilidhani aibu ni mzigo wa pikipiki, unaufunga, unaufikisha, unaufungua, basi.

Mvua zilipokwisha simu ikalia. "Mwanangu, asali yako iko tayari. Njoo."

"Asali yangu ipi, mzee?"

"Ya mzinga wako."

Nikadhani ni uzee. Nikaenda, peke yangu. Akanipeleka mpaka chini ya mti, huku anaegemea bega langu. Sanduku moja lilikuwa linaning'inia tawini, nyuki wanaingia na kutoka. Kwenye mlango wake pamechongwa kwa kisu magurudumu mawili na mstari kati yake.

"Pikipiki," akasema, ameridhika. "Sikujua alama ya kwenu, nikakuwekea hiyo. Mimi siwezi kuweka yangu. Sikuuchonga, sikuununua. Ni wako, mimi nakutunzia."

"Mzee, nilikuletea wewe! Badala ya ile!"

"Ile ilikuwa ya baba," akasema, kama ananieleza hali ya hewa. "Haina badala."

Sanduku la pili lilikuwa nyumbani kwake, tupu, halina alama. Akaniambia hilo ameliacha kusudi. "Magurudumu ni mchezo. Babu yako alikuwa na alama yake, lazima. Ukiijua, uje uichonge mwenyewe, tulipandishe. Ilikuwaje?"

Nikafikiri. Nikafumba macho nikapaona nyuma ya zizi, vifuniko vimeegemea ukuta, kila kimoja na alama. Mistari? Duara? Mimi niliyemtumia babu maisha yangu yote, alama yake sikuweza kuiona.

"Nitamuuliza mama," nikasema.

Nilimuuliza Jumapili ile ile, jikoni kwake, anachambua mlenda. Alama hakuikumbuka. Nikamuuliza basi mizinga yenyewe iko wapi, labda binamu wanayo, labda kimebaki hata kifuniko kimoja.

Akacheka. "Mizinga? Si tuliipikia msibani babu yako alipofariki! Watu walikuwa wengi, kuni zikaisha." Akatikisa ungo, akaondoa kijiti. "Tena wewe ndiye uliyekuwa unaileta. Ulikuwa na kiherehere, unaviringisha mmoja mmoja kutoka nyuma ya zizi. Shangazi zako wakasema, huyu mtoto anajua kazi."

Mzee yu hai, goti lake ndilo linalomtangulia kuzeeka. Kila msimu ananipigia. Ananiambia asali yangu iko tayari, anaulizia wenzangu, anamuulizia mchapaji kama bado analia. Mwisho, kabla hajakata, anauliza kama nimeipata ile alama, maana sanduku linakaa bure na nyuki wanatafuta nyumba.

"Bado, mzee," namwambia. "Bado naulizia."